Zimwi Likujualo

Mjukuu wangu, weka simu chini kidogo, kaa hapa mkekani. Sikukuita nikugombeze. Nguvu za kugombeza watu zimeniisha, na wewe si mtoto tena. Mwakani unatimiza miaka 18. Nimekuita kwa sababu likizo yote hii nawasikia wewe na wenzako hapo barazani, mazungumzo ni vampaya asubuhi mpaka jioni. Huyu mzuri, yule ana wivu, huyu hata akining'ata sikatai. Kaka yako naye ameagiza meno ya plastiki. Nikanyamaza, nikasema ni ujana, utapita. Lakini juzi nimekusikia ukimwambia mwenzako kwamba mwanamume ambaye huko tayari kumfia, basi hujampenda. Neno hilo limenikosesha usingizi, mama, na usingizi wangu siku hizi ni mchache hata bila ya hayo.

Unaijua kazi niliyoifanya. Nilikuwa muuguzi, kisha mkunga, mpaka nilipoambiwa sasa pumzika. Damu nimeipangusa sakafuni, nimeikadiria kwa macho kwenye mashuka, nimeiomba kwa ndugu wa wagonjwa waliokuwa wakirudi nyuma hatua kwa hatua kuelekea mlangoni, nimeingoja ifike kutoka hospitali ya mkoa ikachelewa. Kwa hiyo ukiniletea hadithi ambayo damu ndani yake ni pambo, siwezi kuitazama kwa jicho lako. Nivumilie. Nitasema polepole, na nitasema mengi.

Hadithi za kutisha si adui yangu. Sisi tulilelewa na hadithi za zimwi, na marehemu mama yangu alijua kuzisimulia hadi mtu anaogopa kwenda uani peke yake. Lakini zimwi lile lilikuwa zimwi. Lina kinywa kisogoni, linanuka, linakula watu na mifupa inabaki. Na mara nyingine lilijigeuza kijana mzuri, nguo safi, maneno matamu, likaja kuposa binti aliyekuwa amewakataa wachumba wote wa kijijini. Binti akaolewa, akachukuliwa mbali. Hadithi haikutulia hapo. Haikutulia mpaka binti ameona kwa macho yake alichoolewa nacho, na mdogo wake, yule ambaye hakuna aliyemjali, amefuata nyayo na kumtoa. Watoto tulilala tumejifunza kuwa uzuri wa mgeni si ushahidi wa moyo wake, na kwamba ukipotea kuna mtu wa kwenu atakuja kukutafuta.

Hadithi yenu ya vampaya imepindua mambo hapohapo. Binti anaona. Anajua kabisa. Anabaki. Na msimulizi anatutaka tushangilie harusi.

Ngoja nikwambie huyu vampaya wenu alikotoka, maana hakuzaliwa na uso mzuri. Mwaka 1725, katika kijiji cha Kisiljevo huko Serbia, nchi ikiwa chini ya utawala wa Austria, alikufa mkulima aliyeitwa Petar Blagojević. Baada yake wakafa watu tisa ndani ya siku chache. Wanakijiji wakasema ni yeye, anatoka kaburini usiku anawakaba. Wakamlazimisha ofisa wa serikali awepo, wakamfukua. Wakakuta mwili haujaharibika kama walivyotarajia, nywele na kucha kama zimeota, damu mdomoni. Wakamchoma kifuani kwa kijiti kilichochongwa, kisha wakamteketeza. Taarifa ya ofisa yule ilichapishwa gazetini Vienna, na kuanzia hapo Ulaya nzima ikawa inazungumza habari za wafu wanyonya damu.

Mimi nimeosha maiti, nimezifunga taya, nimezikalia zikingoja ndugu. Nakwambia yote waliyoyaona ni ya kawaida. Tumbo la maiti hujaa hewa likavimba, hewa ile ikasukuma majimaji meusi mekundu yakatokea puani na mdomoni. Ngozi husinyaa, ndiyo maana kucha na nywele huonekana zimerefuka. Ukimtoboa maiti aliyevimba, hewa hutoka kwa sauti, na mwenye hofu atasikia mtu anaguna. Hao tisa waliuawa na ugonjwa, na ugonjwa hauna uso, ndiyo maana watu hutafuta wa kuubebesha. Mwaka 1755 Malkia Maria Theresa wa Austria alichoka na habari za namna hii. Akamtaka daktari wake, Gerard van Swieten, aziangalie kitaalamu. Daktari akaona ni ujinga na hofu tupu, na malkia akapiga marufuku kufukua wafu na kuwachoma vijiti.

Ukadhani yaliishia hapo. Hayakuishia. Kuna kisa kimoja cha Marekani ambacho mimi, niliyefanya kazi wodi ya kifua kikuu, siwezi kukisoma nikabaki mzima. Mji unaitwa Exeter, jimbo la Rhode Island. Familia moja, Brown. Mama alikufa kwa kifua kikuu, akafuata binti mkubwa, na Januari 1892 akafa binti mwingine, Mercy, miaka 19. Kaka yake Edwin naye alikuwa anaisha, anakohoa, mwili unakauka siku hadi siku. Majirani wakamshauri baba yao: mmoja wa wafu hawa anamnyonya mwanao. Mwezi Machi wakafungua makaburi. Mama na binti mkubwa walikuwa wameshaharibika. Mercy, ambaye maiti yake iliwekwa nyumba ya mawe wakati wa baridi kali, alikuwa bado hajaharibika, na moyoni mna damu. Wakautoa moyo na ini wakavichoma juu ya jiwe, majivu wakayachanganya na maji, wakampa Edwin anywe kama dawa. Edwin alikufa Mei.

Sasa shika hili. Robert Koch alikuwa amekitangaza kijidudu cha kifua kikuu huko Berlin mwezi Machi 1882. Miaka 10 ilikuwa imepita! Alichokuwa anakihitaji kijana yule ni hewa safi, chakula, na watu wa nyumba ile kujua kwamba ugonjwa unapita katika pumzi na kikohozi. Macho yote yalikuwa makaburini. Mnyonyaji alikuwa ndani ya chumba, kwenye kifua cha mgonjwa, wala hakuna aliyemtazama.

Watunga vitabu ndio waliomvalisha mnyonya damu suti. Mwaka 1819 ilichapishwa hadithi ya daktari kijana wa Uingereza, John Polidori, ambayo ndani yake mnyonya damu si mkulima aliyevimba tena, ni bwana mkubwa anayekaribishwa katika karamu za matajiri. Mwaka 1897 Bram Stoker akatoa Dracula. Unaniambia vampaya hufa akipigwa na jua. Katika kitabu cha Stoker, Dracula anatembea mchana. Kufa kwa jua kuliletwa na filamu ya Kijerumani, Nosferatu, ya mwaka 1922. Mwaka 2005 akaja Stephenie Meyer na Twilight, na humo jua halimuui wala halimchomi: linamfanya amemete. Kutoka maiti iliyooza mpaka kijana anayemeta. Kila walipomsafisha, walimwondolea kitu kimoja cha kutisha, mpaka kilichobaki ni urembo na kiu ya damu, na kiu yenyewe ikaitwa mapenzi.

Nimevisoma vitabu vya huyo Meyer, usishangae. Uliviacha hapa likizo iliyopita, na filamu zake nimezitazama na wewe hapohapo kwenye kochi. Bella, yule binti, ana miaka 17. Edward, vampaya wake, ana sura ya miaka 17, lakini alizaliwa mwaka 1901, maana yake ni babu wa miaka zaidi ya mia anayekwenda shule na watoto. Anaingia chumbani mwa binti usiku, binti amelala, hajui, anakaa anamtazama. Baadaye, binti akitaka kwenda kumwona rafiki yake, yeye anang'oa kifaa kwenye injini ya gari lake ili asiweze kwenda. Akimwacha, binti anakaa miezi kama mtu aliyekufa, kisha anajirusha kutoka kwenye jabali kwa sababu akiwa hatarini anahisi anaisikia sauti yake. Wasichana wa dunia nzima walisoma haya wakalia kwa kutamani. Mamilioni kwa mamilioni ya vitabu vimeuzwa, filamu tano zikatoka kati ya 2008 na 2012. Sisemi kila aliyesoma aliharibika. Wengi walisoma, wakafunga kitabu, wakaendelea na maisha, na wewe una akili kuliko wengi. Nasema tu kwamba mtu akirudia kusikia jambo moja kwa sauti tamu, siku likimjia nyumbani halimshangazi.

Lakini kilichonishinda ni filamu ya kile kitabu cha nne, pale Bella anapobeba mimba. Hapo, mjukuu wangu, nilizima televisheni nikatoka nje, nawe ukadhani nimekwenda kuanua nguo.

Mimba inamla mama. Mbavu zinavunjika kwa mateke ya mtoto. Kila mtu mwenye akili mle ndani anaona binti anakufa, naye anakonda, macho yameingia ndani, anakataa kuokolewa, na kukataa kule kunapambwa kuwa ni ushujaa wa mama. Anapewa damu ya watu anywe, kwenye kikombe chenye mrija. Kitabuni imeelezwa ni damu ya kundi gani: O hasi. Sijui kama mwandishi alijua anagusa nini. Sisi kazini, O hasi ilikuwa ndiyo ile chupa ya mwisho nyuma kabisa ya jokofu. Hiyo ndiyo damu unayoweza kumtundikia mgonjwa yeyote wakati hakuna hata dakika ya kupima kundi lake. Wenye damu hiyo kwetu ni wachache sana. Nimewahi kuona wauguzi wawili wamesimama mbele ya jokofu lililo wazi wakiitazama chupa moja tu, na wagonjwa ni wawili. Mle filamuni inanywewa kwa mrija, na watazamaji wanacheka kidogo kwa kichefuchefu kisha wanasahau.

Halafu kujifungua. Mgongo unavunjika, tumbo linapasuliwa kwa meno, mama anakufa, anachomwa sumu ya mpenzi wake, anaamka mzuri kuliko alivyokuwa. Ngozi safi, nywele zimetengenezwa, hana maumivu tena.

Hebu nikueleze mimi mama anavyokufa kwa damu, kwa sababu umeonyeshwa uongo na nina haki ya kukuonyesha kweli. Mtoto ametoka, analia, watu nje wanapiga vigelegele. Kondo la nyuma limetoka. Wewe mkunga unaweka mkono juu ya tumbo la mama kutafuta mji wa mimba, unatakiwa uwe umekaza, mgumu. Unaukuta mlaini. Unasugua. Unachoma dawa. Unatazama chini, damu haitoki kwa kishindo kama ya filamu. Inatiririka tu, bila sauti, inaingia kwenye godoro. Mama anasema nasikia baridi. Anaomba maji. Midomo inapauka, anaanza kupiga miayo. Kupiga miayo kule ndiko kulikokuwa kukinitia hofu kuliko kelele yoyote. Mwili wa mtu mzima una damu ya lita tano hivi, ya mjamzito ni zaidi ya hapo, na saa mbili zinatosha kabisa kummaliza mwanamke aliyeingia leba kwa miguu yake, akiwa na kanga mpya mbili na jina la mtoto tayari. Haamki akiwa mzuri. Anafunikwa, na mtoto anapewa bibi yake.

Kwa hiyo usiniambie kufa ndiyo kupenda. Wanawake niliowaona wakifa hakuna hata mmoja aliyekufa ili aonyeshe kitu. Wote walitaka kurudi nyumbani.

Mbona kimya? Chukua chai, inapoa. Nina jingine la kusema, nalo ni la hapa kwetu.

Sisi hatukuhitaji Stoker. Tulikuwa na mumiani. Nilipokuwa mdogo, magharibi ikiingia tuliitwa ndani: mumiani watawachukua, wanatoa damu ya watu wakatengenezee dawa. Nairobi na Kampala enzi za ukoloni watu walisema ni wazimamoto, wale wenye magari mekundu. Katanga walisema batumbula. Mwanahistoria wa Kimarekani, Luise White, alizunguka akiwahoji wazee wa Kenya na Uganda juu ya mambo hayo, akachapisha kitabu mwaka 2000. Usiwacheke wazee wale. Walikuwa watu waliochukuliwa kwa nguvu kwenda kufanya kazi, wakachomwa sindano na wageni bila kuelezwa ni za nini, wakatolewa damu ya kupimwa wasiambiwe inakwenda wapi. Nguvu zao na jasho lao vilikuwa vinanyonywa kweli. Walichokosa ni kuambiwa ukweli, na mahali pasipo na ukweli mumiani huja kukaa.

Lakini hofu ile haikuondoka na wakoloni. Oktoba 2016, kijiji cha Iringa Mvumi, wilaya ya Chamwino, Dodoma. Watafiti wawili na dereva wao, kutoka kituo cha utafiti wa kilimo cha Selian, Arusha, walikuwa wanachukua sampuli za udongo. Udongo, mama. Wanapima shamba la mkulima ili ajue apande nini. Uvumi ukatoka kwamba wanyonya damu wamefika kijijini. Watu wakakusanyika na mapanga. Wale watatu waliuawa na miili yao ikachomwa moto.

Mwaka mmoja baadaye ikawa Malawi, wilaya za kusini, Mulanje na Phalombe na nyinginezo. Uvumi wa wanyonya damu, vijana wanaweka vizuizi barabarani, wageni wanapigwa hadi kufa. Umoja wa Mataifa ukaondoa wafanyakazi wake kwenye wilaya hizo, serikali ikakataza watu kutembea usiku. Na Blantyre akachomwa moto kijana aliyekuwa na kifafa. Hilo lilinifanya niweke gazeti chini. Mgonjwa wa kifafa huanguka, hutoka povu, pengine amejing'ata ulimi, damu mdomoni. Mwenye kichwa kilichojaa wanyonya damu akimwona mgonjwa wa namna hiyo, ameshamwona anayemtafuta.

Utaniambia, bibi, wale wanakijiji hawakutazama Twilight. Najua. Nami sisemi filamu ndiyo iliyoshika panga. Hata kijana mmoja wa Marekani wa miaka 16, aliyejiita vampaya wa miaka mia tano, akawaua wazazi wa rafiki yake huko Eustis, Florida, mwezi Novemba 1996, sisemi alifundishwa na kitabu. Alikuwa mtoto aliyeharibikiwa kabla ya hapo, na mchezo wa vampaya ulimpa jina la kujiita tu. Ninachosema ni kwamba hadithi ya kuchukia na hadithi ya kutamani zinasema neno moja. Zote zinatuaminisha kwamba anayenyonya watu ni kiumbe wa aina yake, ana dalili zake, ukimwona utamjua: rangi yake, meno yake, gari lake geni, mashine aliyobeba. Basi mtu wa Chamwino akamwona mpima udongo akasema ndiye. Na wewe unamngoja mwenye ngozi baridi na macho ya dhahabu, usimwone aliyekaa karibu yako.

Wazee wetu walisema lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hiyo nimeisikia ikitumika kuthibitisha uvumi, na nimekuwa nikiikataa hadharani, hata msibani. Yasemwayo mengine hayapo wala hayaji, yanaletwa na wasemaji.

Nilipokuwa naambatana na wakusanyaji wa damu salama kwenda vijijini na kwenye vyuo, mumiani alikuwa ametangulia kila mahali. Tunapanga vitanda chini ya mwembe, tunafungua majokofu madogo, vijana wanasimama mbali. Anayekuja mbele anauliza kwa sauti ya chini: muuguzi, hii damu inauzwa wapi? Sikumkemea hata mmoja. Nilimkalisha, nikamwonyesha mfuko. Huu hapa, unaingia mililita 450, haufiki nusu lita. Mizani hii inapima, ukijaa natoa sindano. Maabara wataipima virusi vya UKIMWI, homa ya ini aina mbili, na kaswende. Ikiwa safi itakaa kwenye jokofu siku 35, basi, ikipita hapo inatupwa. Ndani ya siku hizo kuna mtu ataihitaji: mtoto mwenye malaria aliyeishiwa damu, mgonjwa wa selimundu, mwenye pikipiki aliyegongwa, mama aliyejifungua. Halafu nilikuwa napenda kumwacha aangalie. Namfunga mpira mkononi, nampapasa mshipa, namwambia kunja ngumi, kunjua. Damu inaanza kutembea kwenye mrija, nyeusi kidogo, ya moto. Ukiushika mfuko unasikia joto la mwenyewe. Dakika kumi hivi imekwisha. Anapewa soda na biskuti, anakaa kidogo chini ya mwembe, na wale waliosimama mbali wanamtazama kama ataanguka. Hakuanguka. Wanasogea wawili. Kisha wanne.

Watu wale ndio nilitaka waandikiwe vitabu. Mtu anatoa damu yake kwa asiyemjua, mwili unaitengeneza upya, na baada ya miezi mitatu kwa mwanamume, minne kwa mwanamke, anaweza kurudi. Hakuna anayekufa ili mwenzake aishi. Ukitaka kuona mapenzi yenye damu ndani yake, ni hayo, na yanafanyika mchana, jina lako linaandikwa kwenye daftari.

Sasa tufike kwa huyo kijana wako. Usiangalie pembeni. Sisi tunakaa nyumba moja na kuta zake unazijua. Anapiga simu saa nane za usiku ahakikishe uko peke yako. Alitaka neno la siri la simu yako, ukampa. Harusi ya binamu yako hukwenda kwa sababu yeye hakutaka uonekane umevaa vile. Mwenzako alipokuambia huo si utu, ukamjibu kwamba ana wivu kwa kuwa anakupenda sana, na macho yakakung'aa uliposema. Pale ndipo nilipokumbuka yule mtu na injini ya gari.

Ninao ushahidi mwingi wa wanaume wa namna hiyo kutoka meza ya mapokezi ya wodi ya wazazi. Namwuliza mama jina lake, mume anajibu. Namwuliza tumbo linauma tangu saa ngapi, mume anajibu. Namwambia mume ngoja nje kidogo, nataka kumpima; mlango ukifungwa mama anashusha mabega, anapumua, na ndipo unaanza kusikia habari. Hawakuwa na meno marefu. Wengine walikuwa wazuri wa sura, wapole wa maneno, wanatuletea sisi wauguzi matunda. Mke amekonda, hana rafiki, hana simu, hana nauli, anaomba ruhusa ya kwenda kwa mama yake. Watu walijifariji kwa ile methali, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Mimi naisikiliza vizuri. Haikusema halikuli. Inasema litabakiza. Sikukulea ubakizwe.

Sikukatazi vitabu. Soma, tazama, mwambie kaka yako avae meno yake aniogopeshe nikiwa jikoni. Lakini ukifika pale mtu anapoingia chumbani mwa binti aliyelala, simamisha filamu, ujiulize: kama mlinzi wa shule ndiye angefanya hivyo, ungemwitaje? Usiongozwe na uso. Na mwakani ukishatimiza miaka yako, ukiwa una kilo 50 na zaidi, nitakupeleka mwenyewe kituo cha damu. Ule vizuri asubuhi, unywe maji mengi. Nitakaa pembeni nikuone unavyokunja ngumi.

Na huyo kijana, leo hii kabla hujalala, badilisha neno la siri. Kisha mwambie bibi anakukaribisha Jumapili, saa kumi alasiri, aje akae hapa barazani na baba zako wadogo wakiwepo, anywe chai, nimsikie anavyokuita mbele za watu, na nione akikukatisha maneno mara ngapi. Akija, nitampokea kama mgeni wa heshima. Akisema yeye hawezi kuja mchana kwa watu, au akikasirika kwamba umenieleza, uje uniambie siku hiyohiyo, hata kama nimelala.